Mzee, Kaa Tu Hapo

Kochi lile tulilinunua Keko, kwa mafundi wa samani. Lilikuwa la kahawia, mito yake minene, mikono yake mipana kiasi cha kuweka kikombe cha chai bila kumwagika. Tulichanga watatu, mimi na wadogo zangu wawili, na hakuna aliyelalamikia bei. Tukaliweka kibarazani kwangu, Kinyerezi, Dar es Salaam, upande usiopata jua la mchana, tukamwonyesha baba. Mzee, umeshafanya kazi ya kutosha. Sasa kaa tu hapo.

Ilikuwa mwaka 2014. Mama alikuwa ametutoka mwaka mmoja kabla yake, na baba alibaki peke yake Masama, wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo la kahawa na migomba, alichorithi kwa babu. Alikuwa na miaka 68. Kikao cha familia kilikaa baada ya ibada ya kumbukumbu ya mama, na uamuzi ukapita bila upinzani: mzee hawezi kuachwa mlimani akikata majani ya ng'ombe kama kijana. Ng'ombe wakauzwa. Siku ile baba alisema neno moja tu, kwamba kahawa ya upande wa mfongo, mfereji wetu wa maji, ilikuwa inahitaji kupogolewa, halafu akanyamaza. Shangazi, dada yake mkubwa, alikuwa amekaa pembeni kwenye kigoda chake na hakusema kitu. Sisi tukadhani amekubali.

Miezi ya mwanzo baba aliendelea kuamka saa kumi na moja alfajiri, kama alivyozoea, akitafuta fagio la chelewa afagie uwanja. Dada anayetusaidia kazi alimkimbilia na kumpokonya kwa adabu: "Babu, acha, nitafagia mimi." Nilikuwa nimemwagiza hivyo. Jirani angenionaje, akipita na kumkuta mzee ameinama na fagio nyumbani kwa mwanawe? Akitaka kwenda sokoni kwa miguu, naita bajaji. Akishika ndoo, mjukuu anampokea. Kufika mwaka wa pili aliacha kuamka alfajiri. Alikaa. Alisikiliza redio, alisoma gazeti mpaka matangazo ya vifo, alikunywa chai ya vijiko vitatu vya sukari, na tumbo likaanza kuonekana chini ya shati, kitu ambacho sikuwahi kukiona kwa baba yangu tangu nimjue. Wageni walisifu kwamba mzee amenawiri. Nami nilifurahi kusikia hivyo.

Jumanne moja ya mwaka 2017, saa moja asubuhi, kikombe kilimponyoka. Nilisikia kikivunjika, nikatoka nje nikamkuta anautazama mkono wake wa kulia kana kwamba ni wa mtu mwingine. Mdomo ulikuwa umevutwa upande mmoja. Alitaka kuniambia jambo, ikatoka sauti isiyo na maneno.

Sitaisahau saa iliyofuata. Jirani mmoja alisema ni upepo mbaya, mgonjwa asiguswe na maji ya baridi. Mwingine alikuja na mafuta ya kumchua. Hawakuwa na nia mbaya. Ndivyo tulivyolelewa, na mimi mwenyewe, mtu mwenye elimu yangu, nilisimama nikiwasikiliza. Tukampeleka kwanza kwenye zahanati ya karibu. Wakampima malaria, wakamtundikia dripu, wakasema tusubiri. Tulisubiri. Tulipofika hospitali kubwa ilikuwa saa tisa alasiri. Daktari aliuliza dalili zilianza saa ngapi. Nikamwambia saa moja. Akainamisha macho kwenye karatasi, akaandika.

Baadaye nilielewa kwa nini aliinamisha macho. Kilikuwa kiharusi. Ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye mshipa wa ubongo, lakini hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili ya kwanza, tena baada ya CT skani, yaani picha ya ndani ya kichwa, kuonyesha kwamba hakuna damu iliyovuja ndani ya kichwa. Sisi tulikuwa tumetumia saa nane. Kama una mzee nyumbani na huna muda wa kumaliza makala haya, chukua hili tu: uso umepinda, mkono umelegea, maneno yamekwama, hata kama ni moja kati ya hayo matatu, nenda moja kwa moja kwenye hospitali yenye CT skani. Usipitie popote. Angalia saa na uikumbuke.

Baba hakufa. Kipimo kilionyesha mshipa ulioziba upande wa kushoto wa ubongo, ndiyo maana mwili ulipooza upande wa kulia na maneno yakakwama. Tulikaa wodini wiki mbili na zaidi. Usiku, akiwa amelala, nilikuwa nikisoma kwenye simu kila nilichokipata kuhusu kiharusi, na usiku mmoja nikakutana na jina la wilaya yetu.

Sikuwa najua kwamba moja ya kazi makini zaidi za kuhesabu kiharusi katika Afrika ilifanyika kwetu Hai. Kuanzia mwaka 2003, kwa miaka 3, watafiti wa Kitanzania na wenzao wa Uingereza waliwatafuta wagonjwa wapya wa kiharusi katika sehemu mbili: vijiji vya Hai na mitaa ya Dar es Salaam. Hawakungoja hospitalini tu. Waliwatafuta mpaka majumbani, na kwa waliokufa waliwahoji ndugu namna kifo kilivyotokea. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Baada ya kusawazisha umri, kwa sababu mjini vijana ni wengi na vijijini wazee ni wengi, Hai ilipata wagonjwa wapya wapatao 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Dar es Salaam ilipata 316.

Niliisoma mara tatu. Karibu mara tatu zaidi! Nchi ile ile, hospitali za serikali zile zile, na sehemu kubwa ya watu wa Dar ni watu waliotoka vijijini kama sisi. Kiwango cha Hai kilikuwa kinafanana na cha nchi tajiri. Cha Dar kilizipita nyingi. Na mimi ndiye niliyemtoa baba yangu kule nikamleta huku, nikiamini namwokoa.

Nataka niwe mwangalifu hapa, kwa sababu mtu mwenye uchungu huona sababu kila mahali. Utafiti ule haukusema kwamba tofauti yote ni kutembea. Mjini kuna chumvi na mafuta mengi zaidi, kuna unene, kuna sukari, kuna usiku usio na usingizi. Lakini ukimuuliza mtu wa Masama ni nini kilichobadilika siku alipohamia Dar, hatakuambia kwanza habari za chumvi. Atakuambia miguu.

Hebu nieleze siku ya baba ilivyokuwa. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mpaka alipostaafu mwaka 2006. Kabla ya kwenda shule alishakata majani ya ng'ombe na kuyabeba. Kwetu ng'ombe hawatoki zizini, chakula huwafuata, na chakula hicho hukatwa bondeni, hufungwa mzigo mkubwa kuliko mtu, hupandishwa kilima kichwani juu ya ngata au mabegani. Kisha shule, kwa miguu, kupanda na kushuka makorongo. Jioni kahawa, migomba, samadi. Msimu wa mahindi familia nzima ilishuka tambarare, upande wa Kwa Sadala, ambako tulikuwa na shamba la pili; saa moja na nusu kushuka, na kupanda na debe la mahindi ni habari nyingine kabisa. Halafu kulikuwa na siku za kazi ya mfongo, watu wa ukoo wakitoka na majembe kuzibua mifereji inayoleta maji kutoka juu mlimani. Baba hakuzikosa siku hizo hata baada ya kustaafu. Neno mazoezi sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Kwake hayo yalikuwa mambo ya wachezaji.

Na kabla ya hapo kulikuwa na ujana wake. Yeye ni wa kizazi kilichokuwa na miaka 21 wakati wa Azimio la Arusha, mwaka 1967, ambapo vijana walitembea mkoa hadi mkoa kuliunga mkono, na Mwalimu Nyerere mwenyewe akatembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza. Chuoni alikimbia. Shuleni aliwakimbiza wanafunzi. Sisi tuliosoma miaka ya themanini tunaujua mchakamchaka, vumbi la alfajiri, miguu pekupeku, nyimbo za kuitikiana mpaka kijiji kizima kinaamka. Waliofika kidato cha sita wakapita JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, mpaka mpango wa lazima uliposimamishwa mwaka 1994. Uliporudi mwaka 2013 wengi wetu tulishapitwa na umri.

Nauleta ujana kwa sababu upo utafiti wa mwaka 1993, kutoka Birmingham, Uingereza, ambao haujanitoka kichwani. Watafiti waliwachukua watu 125 waliopata kiharusi kwa mara ya kwanza, wakawalinganisha na watu 198 ambao hawakuwahi kupata, wote wa umri kati ya miaka 35 na 74. Waliwauliza swali ambalo daktari wa kawaida hauulizi: ulipokuwa na miaka 15 mpaka 25, ulikuwa unafanya nini na mwili wako? Waliofanya mazoezi ya nguvu ujanani walionekana kuwa na hatari ndogo sana, karibu theluthi moja ya wenzao, na walioendelea nayo kwa miaka mingi zaidi walikuwa salama zaidi. Ni utafiti mdogo, na ulitegemea kumbukumbu za watu, nao mgonjwa wa kiharusi hukumbuka kwa shida. Nisingeujengea nyumba peke yake. Lakini unaniambia kitu ambacho mzee yeyote wa kijijini angekisema bila karatasi, kwamba mwili una akiba yake, na akiba hiyo huanza kuwekwa mapema. Ninapowaona wanangu wakipelekwa shule kwa basi mlangoni, wakirudi wanakaa na simu mpaka usiku, hilo hunikera kuliko alama zao za hisabati.

Lakini akiba haikumlinda baba mpaka mwisho. Na hapa ndipo mambo yanapokuwa na utata zaidi.

Mtu aliyenieleza vizuri kinachotokea ndani ya mshipa alikuwa daktari kijana wa wodini, naye alipojua tunatoka Hai aliniuliza kama naujua mfongo. Alikuwa amefanyia mafunzo yake hospitali ya KCMC, Moshi, kwa hiyo alijua anachokisema. Mfongo, akasema, ukipitisha maji kila siku, kingo zake hubaki laini na njia yake hubaki wazi. Ukiuacha mkavu misimu miwili, kingo zinapasuka, magugu yanaota, na siku mvua kubwa ikija maji ama yanakwama ama yanabomoa ukingo. Mshipa wa damu una ngozi nyembamba kwa ndani inayohisi damu ikipita. Unapopanda kilima, moyo unasukuma damu nyingi, ngozi ile inasuguliwa, nayo inatoa gesi iitwayo naitriki oksaidi, inayoiambia misuli ya mshipa ilegee na kuupanua. Hilo likifanyika kila siku, mwaka hadi mwaka, mshipa hubaki unavutika kama mpira mpya. Misuli ya miguu nayo, ikifanya kazi, huvuta sukari kutoka kwenye damu. Ukikaa, yote hayo yanapungua. Mishipa inakakamaa, presha inapanda kidogo kidogo, sukari inabaki kwenye damu, mafuta yanajishika kwenye kuta. Ubongo ndio unaoumia upesi, kwa kuwa mishipa yake midogo ni myembamba na haina njia nyingi za mbadala. Mshipa unaziba, au unapasuka.

Nilimuuliza: na miaka 60 ya kupanda milima, imekwenda wapi?

Hakuwa na jibu la mkato. Alinisimulia jaribio lililofanyika Dallas, Marekani, mwaka 1966. Vijana 5 wenye umri wa miaka kama 20, wazima wa afya, walilazwa kitandani wiki 3 bila kusimama. Walipopimwa, uwezo wa miili yao wa kufanya kazi ulikuwa umeporomoka. Miaka 30 baadaye watu wale wale walitafutwa wakapimwa tena, wakiwa wanakaribia kuzeeka. Ikaonekana kwamba wiki 3 za kitandani zilikuwa zimewapunguzia nguvu kuliko miaka 30 ya maisha. Kwa kijana wa miaka 20, wiki 3. Baba yangu tulimkalisha miaka 3, kuanzia umri wa miaka 68.

Nilitoka nje ya wodi nikasimama kwenye varanda kwa muda mrefu.

Sasa nizungumze na sisi, watoto. Heshima tuliyofundishwa ina sura ya kiti. Mzee akiingia, unainuka, unampisha. Mzee akibeba mzigo, unampokea. Ukimwacha anabeba, unaulizwa umelelewa na nani. Ni malezi mazuri na sitaki yafe. Lakini yalitungwa katika maisha ambayo mzee, hata akipishwa kiti, kesho yake alfajiri yuko shambani, hakuna wa kumzuia. Kiti kilikuwa pumziko katikati ya kazi. Mjini tumekichukua kile kiti tukaondoa kazi yote iliyokizunguka, tukakiita upendo. Tunawakalisha wazazi wetu kuanzia siku wanayostaafu, tena kwa mashindano, nani ana kochi zuri zaidi, nani amemwekea mzee televisheni kubwa zaidi. Nina rafiki aliyemkataza mama yake hata kuosha vyombo. Mama yule ana miaka 64 na sasa anainuka kwa kushikwa mkono.

Nafikiri pia kuhusu Wahadzabe, wawindaji wa Ziwa Eyasi, ambao wanasayansi wamewafungia vifaa vya kupima mwendo. Wanatembea na kuchimba na kubeba kwa zaidi ya saa 2 kila siku, wazee wao pia, na presha ya juu ni nadra kwao. Kilichonishangaza ni jinsi wanavyopumzika, karibu saa 10 kwa siku, muda usiopishana sana na wa mtu wa ofisini. Ila sehemu ya muda huo huwa wamechuchumaa au wamepiga magoti, misuli ya miguu ikiwa inafanya kazi polepole. Nilimkumbuka shangazi na kigoda chake. Ukikaa kwenye kigoda, kuinuka kwenyewe ni kazi.

Mtu asije akachukua maneno yangu akaenda kutupa dawa za presha. Huko huko Masama tulikuwa na jirani, mzee wa kazi kweli kweli, aliyelima mpaka siku ya mwisho. Walimkuta ameanguka kwenye migomba, panga likiwa mkononi, na hakuamka tena. Hakuwahi kupimwa presha maishani mwake, kwa sababu hakuwahi kuugua. Watafiti walipowapima wazee 2,223 wa Hai wenye miaka 70 na zaidi, karibu 7 kati ya kila 10 walikuwa na presha ya juu, na wengi wao hawakuwa wanajua. Kwa hiyo hata mlima wetu haumpi mtu hati ya usalama. Utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi 32, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba mambo 10 yanayoweza kurekebishwa yanabeba karibu asilimia 90 ya hatari ya kiharusi, na presha peke yake inabeba karibu nusu. Kukosa mazoezi kumo kwenye orodha hiyo, pamoja na sigara, chakula, sukari, pombe. Mwendo unaishusha presha, lakini kwa wengi wetu haitashuka vya kutosha bila tembe. Baba alikuwa na presha, naye hakujua. Katika miaka 3 ya kumtunza kama yai sikuwahi kumpeleka kupimwa, ilhali kipimo chenyewe ni dakika mbili.

Wala sitaki kuupamba mzigo wa mwanamke wa kijijini. Shangazi ana miaka zaidi ya 80, na magoti yake yameharibika kwa kubeba. Mgongo wake umepinda. Miaka yote wanaume wa rika lake walipokaa kilabuni na mbege, pombe ya ndizi, jioni, yeye alikuwa bado anachota maji. Haikuwa haki, na siipendi sauti ya watu wa mjini wanaosema "wazee wetu walikuwa na afya" bila kuulizia magoti. Ninachosema ni kidogo kuliko hicho. Kati ya kuvunjwa na mzigo na kuozea kwenye kochi, ipo nafasi kubwa ya kutembea.

Tulipotoka hospitali tulipangiwa mtaalamu wa tiba ya viungo, mama mmoja mwenye sauti ya juu na mikono ya nguvu. Siku ya kwanza aliyofika nyumbani alilitazama lile kochi, akalibonyeza mto, akasema liondolewe. Ni la chini mno na laini mno, alisema, mtu aliyepooza upande hawezi kujiinua humo, na mzima naye ataacha kujaribu. Tukaleta kiti cha mbao, kigumu, kilichonyooka. Kazi ya kwanza ya baba ilikuwa kuinuka na kukaa, bila kushika, mara 10. Ilimchukua wiki nyingi kufika mara 4. Alikuwa akitokwa na jasho kama mtu anayelima. Mimi nilikuwa nikiinuka kwenda kumshika, na yule mama ananizuia kwa kiganja bila hata kunitazama.

Baada ya miezi kadhaa alitembea na fimbo mpaka geti. Kisha mpaka duka la kona. Kisha mpaka kituo cha daladala na kurudi, mara mbili kwa siku, jua likiwa halijakuwa kali. Shirika la Afya Duniani linawaambia wazee wafikishe walau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani, na siku 3 za mazoezi ya kuweka mwili sawa wasianguke. Wasioweza hizo zote wafanye wanachoweza. Zamani nilidhani mwendo wa mzee hauna faida kwa sababu ni wa polepole. Mwaka 2014, mwaka ule ule wa kochi letu, ulichapishwa utafiti wa wanaume zaidi ya 3,400 wa miji ya Uingereza, wote wakiwa wamevuka miaka 60. Waliotembea zaidi ya saa 22 kwa wiki, yaani kama saa 3 kwa siku, walikuwa na hatari ya kiharusi karibu theluthi moja ya wale waliotembea saa 3 au pungufu kwa wiki nzima. Na jambo lililokuwa na uzito lilikuwa muda wa kutembea. Kasi haikuongeza kitu. Huo ndio mwendo wa mzee wa kijijini: kwenda msibani, kwenda kanisani, kwenda kumjulia hali mgonjwa, kurudi, kutoka tena. Haharakishi, lakini hatulii.

Kwa hiyo ukitaka kumfanyia mzazi wako jambo, usianze na raba za bei mbaya wala kumpeleka kukimbia kwenye jogging ya Jumamosi na vijana. Mzee aliyekaa muda mrefu akianza kwa pupa anaweza kudhurika. Apimwe kwanza, aanze na dakika chache, aongeze. Mpe sababu ya kutoka, maana mzee hatembei ili kutembea. Baba hakuwahi kukubali "kufanya mazoezi," lakini nilipomwomba awe ananiletea gazeti, hakukosa hata siku moja. Kulipokuwa na mvua alinipigia simu kuniomba radhi.

Krismasi iliyopita tulikwenda nyumbani, kama Wachagga wote. Gari lilijaa watoto na viroba vya mchele. Baba alikaa mbele na fimbo yake, na tulipoanza kupanda kutoka Kwa Sadala akashusha kioo, akawa anautazama kila mgomba. Mkono wa kulia haujarudi wote, na maneno bado humkimbia akichoka.

Asubuhi ya pili nilimkuta shangazi uani anafunga majani ya ng'ombe. Amebakiwa na ng'ombe mmoja na amekataa katakata kumuuza, na kila mwezi hushuka kliniki kuchukua dawa zake za presha. Nilimsalimia shikamoo, akaitikia bila kuinua kichwa. Baba alitoka nje, akasimama anamwangalia. Nilikwenda kumletea kiti. Shangazi akamtupia ncha ya kamba.

"Kijana, shika hapo. Vuta."

Kijana huyo ana miaka 78. Aliegemeza fimbo ukutani, akakamata kamba kwa mkono wa kushoto, akaizungusha kwenye ule wa kulia, akavuta. Mzigo ukafungika. Shangazi akamwambia maji ya mfongo hayafiki kwenye kahawa tangu jana, kuna mahali pamekwama chini, ashuke akaangalie. Baba akachukua fimbo na jembe dogo, akaanza kushuka kati ya migomba, akitanguliza mguu wa kushoto, kisha ule mwingine, mpaka majani yakamfunika.

Nilingoja. Robo saa ikapita, ikawa karibu nusu. Kule njia ina utelezi. Nikainuka, nikaanza kutafuta viatu.

"Unakwenda wapi?" shangazi akauliza.

"Kumwangalia baba."

Akasogeza kigoda kwa mguu mpaka kikanifikia.

"Wewe kaa," akasema. "Yule atarudi."